Je, wajua kwa nini mtufaha hukataa kuzaa pasipo na baridi ya kutosha?

Ukipanda mtufaha wa aina za Ulaya kwenye bustani ya Lushoto au Limuru, utaota vizuri na kurefuka. Lakini mara nyingi matawi yatabaki matupu, majani yakikusanyika nchani tu, na maua yatakuwa ya kuhesabu. Watu hulaumu udongo au mbolea. Kinachokosekana hasa ni usingizi.

Asili ya mti huu ni milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan, ambako majira ya baridi ni marefu na makali. Huko hupukutisha majani na macho yake, yaani vichipukizi vya majani na maua, hufunga. Hayafunguki hadi yapitiwe na saa za kutosha za baridi ya kati ya nyuzi 0 na 7 hivi, na kwa aina nyingi za Ulaya zinatakiwa saa 800 au hata zaidi ya 1,000. Ni kinga nzuri sana: siku chache za joto katikati ya baridi haziwezi kuudanganya mti uchanue, kisha jalidi iyaue maua. Kwetu nyanda za juu usiku hupoa, lakini si kwa muda mrefu kiasi hicho.

Basi wanaovuna matufaha karibu na ikweta hufanyaje? Kwangu jibu zuri kuliko yote linatoka Batu, Java Mashariki, Indonesia, mji ulio karibu latitudo moja na Iringa. Wiki chache baada ya mavuno, wakulima huko huchuma majani yote ya mti kwa mikono. Majani ndiyo yanayoyazuia macho yasichipue. Yakiondolewa kabla macho hayajazama katika usingizi mzito, mti huchanua wiki kadhaa baadaye bila kusubiri baridi yoyote, na ndiyo maana Batu huvuna mara mbili kwa mwaka. Matawi nayo huinamishwa na kufungwa kwa kamba, kwa sababu tawi lililolala hutoa maua mengi kuliko lililosimama wima.

Bustanini kwako njia hii inawezekana, ila usiifanye kwa mche mchanga. Acha kwanza mti ujenge matawi. Panga pia maua yatoke wakati mvua si nyingi, maana unyevu huleta magonjwa ya ukungu.

Aina unayochagua bado ina uzito mkubwa. Anna, iliyozalishwa Israel, hutosheka na saa 200 hadi 300 hivi. Hata hivyo haijichavushi vizuri, kwa hiyo ipande jirani na Dorsett Golden, aina iliyotoka Bahamas, ambayo huchanua wakati mmoja nayo. Nyuki watamaliza kazi, mradi usipulize dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Usianze na mbegu za tufaha ulilokula. Kila mbegu ni mchanganyiko mpya, na tunda lake laweza kuwa chungu au dogo. Tafuta mche uliobebeshwa, yaani kitawi cha aina unayoitaka kilichounganishwa kwenye shina lenye mizizi la mti mwingine, na unapoupanda hakikisha kiungo kinabaki juu ya udongo. Kikifukiwa, sehemu ya juu hutoa mizizi yake yenyewe, na mti uliokusudiwa kuwa mfupi hurefuka hadi usikofikia kuchuma.