Picha ndani ya madokezo: dhana potofu kuhusu kubana, kugeuza muundo na kupunguza vipimo

Picha moja ndani ya dokezo ina ukubwa wa aina tatu: upana unaoonekana kwenye skrini, idadi ya pikseli zake (nukta ndogo za rangi zinazoiunda), na nafasi inayochukua kwenye diski. Karibu kila dhana potofu hapa chini hutokana na mtu kugusa kimoja akidhani amegusa vyote vitatu. Mifano mingi tumeichukua Obsidian, programu ya kuandika madokezo, kwa kuwa huhifadhi picha kama faili za kawaida ndani ya folda, hivyo matokeo ya kila hatua yanaweza kukaguliwa kwa macho.

Dhana: Nikivuta kona ya picha ikawa ndogo, faili nayo imepungua

Haijapungua hata baiti moja. Ukiandika `![[ramani.png|300]]`, hiyo 300 ni agizo la kuonyesha picha kwa upana wa pikseli 300. Faili ya MB 6 inabaki MB 6, na ndiyo hiyohiyo itakayosafirishwa utakaposawazisha simu na kompyuta. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachoharibika: futa namba, picha inarudi ilivyokuwa.

Kupunguza vipimo kwa kweli ni kuiandika faili upya ikiwa na pikseli chache. Chache kiasi gani? Safu ya maandishi ya Obsidian, kwa mpangilio wake wa kawaida wa mistari mifupi, ina upana wa pikseli 700. Skrini nyingi za sasa hutumia pikseli mbili halisi mahali pa moja, kwa hiyo 1400 zinatosha kuonekana kali, na 1600 zinaacha nafasi kidogo ya kukuza. Picha ya simu yenye pikseli 4032 kwa 3024 ina pikseli zaidi ya milioni 12. Ikishushwa hadi 1600 kwa 1200 inabaki na milioni 1.92, chini ya sehemu moja ya sita. Isipokuwa ni nyaraka au mchoro ambao utahitaji kusoma herufi zake ndogo, hutajutia kilichoondoka.

Dhana: Faili ikiwa nyepesi, dokezo litafunguka haraka

Hii ndiyo inayowapotosha hata watu waliozoea kompyuta. Picha hukaa imebanwa ikiwa kwenye diski tu. Ili ionekane, programu huifungua kwenye kumbukumbu ya kifaa, na hapo kila pikseli kwa kawaida huchukua baiti 4. Piga hesabu: 4032 × 3024 × 4 ni karibu MB 49. Haijalishi kama faili ilikuwa JPEG ya MB 5 au WebP ya KB 900 (miundo miwili ya faili za picha). Ikifunguliwa kwa vipimo vyake kamili, zote mbili hula MB 49 zilezile. Dokezo lenye picha 20 za namna hiyo linakaribia GB 1, na simu yenye kumbukumbu ndogo itagandaganda au itaifunga programu ghafla. Kwa 1600 × 1200, kila picha hula chini ya MB 8.

Kwa hiyo jiulize kwanza tatizo lako ni lipi. Diski ikijaa au bando likiisha wakati wa kusawazisha, kubana kunasaidia. Dokezo likikwama unapoliviringisha, kubana peke yake hakutabadili chochote, punguza pikseli.

Dhana: Kubadili .png kuwa .jpg kwenye jina ni kugeuza muundo

Hilo ni jina tu. Ndani, faili ya PNG huanza na baiti 89 50 4E 47, na ya JPEG huanza na FF D8 FF. Programu nyingi husoma baiti hizo bila kujali jina, ndiyo maana picha hufunguka na mtu akadhani amefaulu. Linganisha ukubwa kabla na baada: kama haujabadilika hata kidogo, hukugeuza kitu. Tena, ukibadili jina nje ya programu ya madokezo, kiungo kinakatika na mahali pa picha unabaki ujumbe kwamba faili haipatikani.

Dhana: JPEG na WebP daima zinashinda PNG

Inategemea kilichomo ndani ya picha. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa mabadiliko madogomadogo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Kwenye picha ya mtu au mandhari, hiyo ni hila nzuri sana. Kwenye picha ya skrini yenye maandishi, kingo kali za herufi ndizo zinazoathirika, na unaona ukungu wa vidoa kuzunguka kila neno. Rangi nazo mara nyingi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Maandishi mekundu juu ya rangi nyeusi huchafuka kabla ya kitu kingine chochote. WebP ya kawaida ina tabia hiyohiyo ya rangi.

Picha za skrini, michoro na majedwali yabaki PNG, au yageuzwe WebP isiyopoteza kitu, kwa amri ya programu ya `cwebp`:

`cwebp -lossless skrini.png -o skrini.webp`

Picha za kamera ni kinyume chake. Ukizihifadhi kama PNG zinavimba mara kadhaa, kwa kuwa chembechembe za kelele ya kamera hazibaniki bila kupoteza kitu. Na JPEG iliyokwisha kuharibika haiponi kwa kugeuzwa PNG. Madoa yanahifadhiwa kwa uaminifu ndani ya faili kubwa zaidi.

Angalia pia mandhari ya uwazi. JPEG haina uwazi kabisa, hivyo nembo au mchoro usio na mandhari utapakwa weupe au weusi, na kwenye mwonekano wa giza utaonekana kama karatasi iliyobandikwa ukutani.

Dhana: Ubora 80 maana yake asilimia 20 imepotea

Namba hiyo si asilimia ya kitu chochote. Ni kipimo ambacho kila programu imejipangia, na 80 ya JPEG si sawa na 80 ya WebP. Hata 100 ya JPEG bado hupoteza kidogo. Kwa picha za kamera, anza na 80, ikuze hadi ukubwa halisi, tazama nywele, majani na anga. Ukiona ngazi za rangi angani, panda hadi 85 au 90.

Hasara halisi hutokana na kuhifadhi tena na tena. Kata, punguza vipimo, kisha bana mara moja tu, daima ukianzia kwenye faili ya asili.

Dhana: Kugeuza muundo hakugusi kitu kingine

Kamera huandika ndani ya faili data za EXIF: tarehe, mara nyingi mahali picha ilipopigwa, na upande wa juu wa picha. Zikifutwa, faragha inafaidika, lakini picha inaweza kulala ubavu. Dawa ni kuizungusha kwanza ikae sawa, ndipo ufute. Kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri:

`magick picha.jpg -auto-orient -resize '1600x1600>' -strip -quality 80 picha.webp`

Alama ya `>` huzuia picha ndogo kukuzwa bure. Tahadhari moja: `-strip` huondoa pia wasifu wa rangi, kwa hiyo picha za simu zilizohifadhiwa kwa Display P3 (mfumo wa rangi mpana zaidi) zitapauka usipozihamishia sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida, kwanza. Na usikimbilie `mogrify`, amri nyingine ya ImageMagick, kwenye folda nzima: isipobadilishiwa muundo au folda, huandika juu ya faili zako za asili.

Picha za HEIC, ambazo iPhone hupiga tangu iOS 11 ya mwaka 2017, Obsidian haizionyeshi. Hizo lazima zigeuzwe. Kuhusu DPI (idadi ya nukta kwa inchi), 72 au 300 ni sawa tu kwenye skrini. Ni maelekezo ya uchapaji.

Dhana: Nikizigeuza zote kwa mkupuo, kazi imekwisha

Viungo vyote vya `.png` ndani ya madokezo bado vinaelekeza kwenye faili za zamani. Zipo programu-jalizi zinazosahihisha viungo zenyewe. Bila hiyo, tafuta na ubadilishe ndani ya folda nzima, ukiwa na nakala rudufu pembeni. Upo pia mtego usioonekana kirahisi: `meza.png` na `meza.jpg` zikiwa folda moja, zote zitakuwa `meza.webp`, na ya pili itaifuta ya kwanza kimyakimya. Tafuta majina yanayogongana kabla ya kuanza.

Kufuta kiungo kwenye dokezo nako hakufuti faili. Inabaki yatima kwenye folda ya viambatisho. Na kama madokezo yako yanatunzwa kwa Git, mfumo unaohifadhi kila toleo la faili, picha za zamani zinaendelea kukaa kwenye historia. Kubana MB 500 zilizokwisha kuingia huongeza ukubwa wa hazina ya Git, kwa sababu sasa ina matoleo mawili ya kila picha. Bana kabla ya kuiweka picha Git kwa mara ya kwanza.