Sonona kwa Watoto: Hasira na Maumivu ya Tumbo Yanapoficha Huzuni

Mtoto wa darasa la sita aliletwa kliniki na mama yake akiwa amekwisha kupimwa malaria, taifodi na UTI kwa nyakati tofauti, bila ugonjwa kuonekana. Tumbo lilimuuma kila asubuhi ya siku ya shule. Nyumbani aliwafokea wadogo zake, chakula alikiacha sahanini, na mpira wake ulikuwa umelala uvunguni mwa kitanda tangu baba yake alipohama. "Daktari, mwanangu amekuwa jeuri," alisema mama. Hakuwa jeuri, alikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression).

Wengi wetu tukisikia sonona humfikiria mtu mzima aliyejifungia chumbani akilia. Kwa mtoto na kijana, hata hivyo, mara nyingi hujitokeza kama hasira za haraka, kushuka kwa alama darasani, kuvurugika kwa usingizi, au maumivu ya kichwa na tumbo ambayo vipimo havioneshi chanzo chake, na ndiyo maana wapo wanaochapwa au kupelekwa kuombewa kabla hawajaulizwa lolote. Maumivu hayo ni ya kweli, mtoto hasingizii. Dalili zikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, zikamzuia kusoma, kucheza au kukaa na wenzake, apelekwe kwa mtaalamu.

Baada ya kubalehe, wasichana hupata sonona takriban mara mbili zaidi ya wavulana. Hilo lisitusahaulishe wavulana, ambao huambiwa mapema mno kwamba mwanamume halii.

Tiba ipo, na kwa kawaida huanza na mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu, wazazi nao wakishirikishwa. Baadhi ya vijana huhitaji dawa kama fluoksetini, ambayo hutolewa kwa uangalizi wa karibu, hasa wiki za mwanzo, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka katika kipindi hicho.

Kuhusu kujiua, wazazi wengi huogopa hata kulitaja neno lenyewe. Muulize mtoto waziwazi, kwa upole, mkiwa wawili tu. Swali hilo halimpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Akikubali kwamba anawaza hivyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za hospitali na sumu za wadudu pale anapoweza kuzifikia, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Nchini Tanzania na Kenya, simu ya msaada kwa watoto ni 116, na hupigwa bila malipo.