Kipimo cha PET hakipigi picha dopamini yenyewe

Barazani Mji wa Kale, hapa Mombasa, kila mara nasikia vijana wakisema kipimo cha PET, picha ya ubongo inayopigwa kwa kufuatilia dawa yenye mnururisho, huonyesha dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli, ikimwagika ubongoni. Sivyo, jamani. Kinachoonekana ni raklopraidi, dawa iliyotiwa kaboni-11 yenye mnururisho, ambao hupungua kwa nusu kila dakika 20 hivi. Chukulia viti vya baraza: dopamini ikija kwa wingi hukalia vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea, raklopraidi inayotaka viti hivyo hivyo ikakosa pa kukaa, na ishara kwenye picha ikashuka. Yaani picha kufifia ndiyo dalili ya dopamini kuongezeka! Mwaka 1998 watafiti wa London waliliona hilo kwa wanaume 8 wenye afya waliokuwa wakicheza mchezo wa video. Tena walilinganisha picha mbili, ya mchezo na ya utulivu. Moja peke yake isingewaambia.