Saa ghali si lazima iwe saa sahihi

"Fundi, saa ya bei hii inawezaje kukosea sekunde tano kwa siku?" Inaweza, ndugu yangu, na haina ugonjwa. Siku ina sekunde 86,400. Fanya hesabu mwenyewe. Ukitaka usahihi tu, nunua saa ya betri. Kwatzi, kile kijiwe cha fuwele ndani yake, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, wakati balansi (gurudumu linaloyumba huku na huku) ya saa nyingi za kisasa za springi hupiga mara nane. Mbio hizo zimekwisha kabla hazijaanza. Bei kubwa inalipia umaliziaji, kazi ya mikono na jina.

Halafu kuna cheti. COSC, shirika la Uswisi linalothibitisha usahihi wa saa, hupima mashine ya saa siku 15, mikao mitano, joto la aina tatu, na inakubali wastani wa sekunde -4 (kuchelewa) hadi +6 (kuwahi) kwa siku. Watu wanashika hizo namba na kuliruka neno "wastani". Saa inayowahi sekunde tano kila siku, bila kubadilika, naigusa kidogo tu inatulia. Inayowahi tisa leo na kuchelewa nane kesho, wastani wake karibu sifuri, mnaisifia, na mimi ndiyo inayonikosesha raha. Hiyo hairekebishwi kwa kusogeza kidude kimoja.

Kwa hiyo usiniulize "inakosea ngapi?" Uliza mikao inatofautiana kwa kiasi gani. Saa ikilala uso juu, mhimili wa balansi unasimama kwenye ncha yake. Ikisimama wima, unasugua ubavuni, msuguano unaongezeka na upana wa kuyumba kwa balansi unapungua. Mwambie muuzaji aiweke kwenye kipimo kwa mikao yote, ikiwa imejaa ufunguo, kisha tena baada ya saa 24. Akinuna, umeshapata jibu. (Turubiyoni, kile kizimba kinachoizungusha balansi ili makosa ya mikao yafidiane? Fundi saa Breguet aliipatia hataza mwaka 1801, zama za saa za mfukoni zinazokaa wima kutwa. Mkono wako unazunguka wenyewe.)

Hata hivyo kipimo hakivai saa. Nimewahi kuacha saa kwenye +2 mezani, mkononi mwa mwenyewe ikawa -3, na maelezo kamili sina.

Na ikianza ghafla kuwahi dakika nzima, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia. Mara nyingi ni sumaku ya spika au kifuniko cha tableti: mizunguko ya springi ya balansi imegandana, inafanya kazi kama springi fupi. Kuitoa sumaku ni kazi ya sekunde chache.