Je, wajua kwa nini Wamarekani wanapigwa karibu kila mwaka na Ulaya kwenye Mosconi Cup, kombe la pool?

Ukitaja pool wengi akili inaenda Marekani moja kwa moja, na wana sababu, hata kombe lenyewe ninaloliongelea hapa limebeba jina la Mmarekani. Willie Mosconi, jamaa aliyechukua ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957, na mwaka 1954 pale Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Alifariki 1993, mwaka uliofuata Waingereza wakaanzisha Mosconi Cup, Marekani kwa Ulaya, siku chache tu mwishoni mwa mwaka.

Sasa cheki hesabu. Toka 1994 mpaka 2005 Marekani walibeba mara 10, Ulaya 2. Mwaka 2006 pale Rotterdam wakatoka sare ya mechi 12-12. Baada ya hapo mambo yakageuka kabisa: kuanzia 2007 mpaka 2024 kombe limechezwa mara 18 na Ulaya wamebeba 15. Kumi na tano! Kati ya 2010 na 2017 walibeba nane mfululizo, na 2013 waliwafuata Wamarekani hukohuko Las Vegas wakawachapa 11-2.

Jibu la haraka watu wanalotoa ni kwamba Wamarekani wameshuka kiwango. Mimi silikubali. Shane Van Boening wa South Dakota, mtu anayecheza na kifaa cha kusikia masikioni maana ana tatizo la kusikia toka utotoni, ameshinda US Open ya pool mara tano na 2022 akawa bingwa wa dunia. Huyo ni mchezaji wa kiwango cha juu kabisa, muweke na yeyote wa Ulaya mtu na mtu utaona mechi. Lakini ameanza kucheza Mosconi Cup 2007 na miaka mingi aliyocheza amerudi nyumbani amefungwa. Kwa hiyo shida haiko kwenye mkono.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu ile miaka ya mwanzo. Timu ya Ulaya ilikuwa na watu wa snuka ndani yake, Steve Davis, Jimmy White, Alex Higgins, Ronnie O'Sullivan, maana ndio majina yaliyokuwa yanavuta watu kwenye TV Uingereza. Ni mafundi, hakuna ubishi, ila snuka ina meza ya futi 12 na pool ya kulipwa ni futi 9, na ile kuvunja mipira kwa nguvu mwanzo wa gemu, ambayo kwenye pool ni nusu ya kazi, kwenye snuka haipo. Namheshimu sana Davis maana yeye hakuja kupiga picha, alijifunza mchezo kweli, akacheza kombe hili mara 11 na 2002 ndiye aliyemfunga Earl Strickland kwenye mechi ya kuamua. Ila kwa ujumla Wamarekani walikuwa wanapambana na Ulaya ambayo bado haijaleta watu wake wa pool.

Na hao watu walikuwa wanapikwa taratibu Ujerumani, Uholanzi, Poland, Austria na kwingineko. Kule mtoto akipenda pool anajiunga na klabu kama vile klabu ya mpira, kuna kocha, kuna ada, kuna ligi ya mtaa, akipanda anafika mpaka Bundesliga, ndiyo, pool ina Bundesliga yake. Shirikisho la Ulaya lipo toka 1978, lina mashindano ya vijana, na toka 1992 kuna Euro Tour, mfululizo wa mashindano unaozunguka nchi mbalimbali. Mtu kama Joshua Filler wa Ujerumani, bingwa wa dunia 2018 akiwa na miaka 21 tu, ametokea kwenye mfumo huo, mpaka anafika jukwaa kubwa ameshazoea kusimama mezani huku wenzake wamekaa nyuma yake wanasubiri pointi kutoka kwake.

Mmarekani amekulia wapi? Kwenye ukumbi wa pool au baa, na mara nyingi kwenye mechi za pesa. Zile mechi ni watu wawili, ndefu, mnaweza kucheza mpaka mmoja afikishe gemu 100 kwa siku tatu, ukianza vibaya hakuna neno, kesho unarudi. Ligi za kawaida wanazo tena kubwa sana zenye maelfu kwa maelfu ya watu, ila ni za burudani, aliye dhaifu anapewa afueni ili aweze kumfunga mwenye nguvu, hazijatengenezwa kutoa watu wa kulipwa. Na upande wa kulipwa umeyumba miaka mingi, 2006 ilikuja tour yenye zawadi za ajabu, Efren Reyes wa Ufilipino akashinda dola 500,000 pale Reno, pesa zikaja kwa mafungu na tour yenyewe ikafa.

Sasa mtoe huyo mtu kwenye gemu 100 umpeleke Mosconi Cup, ambako mechi ni wa kwanza kufika gemu 5, kila pigo una sekunde 30, na ukumbi mzima unapiga kelele. Ukikosa mara mbili umeshafungwa.

Kuna sehemu moja ndogo inayoonyesha yote haya, ni mechi za wawili wawili. Wanacheza mipira tisa, lazima uguse kwanza wenye namba ndogo kuliko yote mezani, na wenzi wanapokezana pigo kwa pigo. Yaani mimi nikiingiza wa 3, wa 4 ni wako, kwa hiyo ule mpira mweupe siuachi pale ninapopenda mimi, nauacha pale unapopenda wewe. Je, unapenda uwe karibu au mbali kidogo? Unapiga kwa kasi au taratibu? Usipomjua mwenzako unamwachia pigo ambalo wewe ungelifunga umefumba macho ila yeye linamtoa jasho, na zile sekunde 30 zinakimbia. Ndio maana ukiangalia Ulaya utaona wananong'onezana kidogo tu kisha wanapiga.

Na wala si jambo la damu. Johan Ruijsink wa Uholanzi alikuwa mmoja wa makapteni walioiongoza Ulaya kwenye miaka yao ya kutesa, kapteni wa kukaa benchi, hachezi. Wamarekani wakamchukua. Mwaka wake wa kwanza, 2017, walipigwa 11-4, hakuna aliyeshangaa. Akaendelea kuwakusanya na kuwafanyisha mazoezi pamoja kama timu, 2018 wakaenda London, Alexandra Palace, mbele ya watu wa Ulaya, wakashinda 11-9, ushindi wao wa kwanza toka 2009, na 2019 wakarudia 11-8. Mchezaji bora 2018 alikuwa Skyler Woodward, kijana wa Kentucky. Mimi hiyo mechi ya 2018 nikiikumbuka bado inanisisimua.

Toka 2020 Ulaya wamerudi kutawala. Wamarekani wakampata hadi Fedor Gorst, mzaliwa wa Urusi aliyeichezea Ulaya 2020 kisha akahamia kwao, na 2024 akawa bingwa wa dunia, lakini mwaka huohuo Orlando timu ikafungwa 11-6. Gorst alikuwepo, Van Boening alikuwepo. Ukipata nafasi ya kuangalia kombe lijalo, wacha kwanza mechi za mtu na mtu, angalia zile za wawili wawili za siku ya kwanza, halafu tazama Mmarekani anapoacha mpira mweupe, mwenzake anauinamia mara moja au anasimama kwanza anauzunguka.