Spiriti haitoi kila kitu kwenye uyoga

Wiki hii ameingia mteja wa tatu na chupa ileile: unga wa ganoderma, ule uyoga mgumu wa dawa uitwao pia reishi, uliolowekwa mwezi mzima kwenye spiriti (ethanoli) ya asilimia 96. Na maneno ni yaleyale: "Spiriti ni kali, imeshanyonya dawa yote."

Haijanyonya yote. Ile betaglukani iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye lebo karibu haimo kabisa.

Triterpeni, zile zinazofanya ganoderma iwe chungu, hutoka vizuri kwenye ethanoli. Betaglukani ni sukari ndefu iliyofumwa pamoja na kitini, kile kitu kigumu kinachoupa uyoga umbo, kwenye ukuta wa seli. Hiyo inataka maji ya moto, na kadiri spiriti inavyokuwa kali ndivyo inavyozidi kugoma.

Mama mmoja wa Usa River alinibishia. Nikachukua machicha yake mwenyewe, nikayachemsha saa mbili, nikachuja, nikaacha supu ipoe. Nikamimina kidogo kwenye glasi, nikaongeza spiriti mara nne ya ujazo wake. Nyuzi nyeupe zikatokea, zikavutana kama ute wa yai kwenye maji ya moto, zikashuka chini. Akainama kuangalia, kisha akasema taratibu: "Huo uchafu mbona mimi huwa nauchuja namwaga?"

Ndiyo, mama. Ulichokuwa unamwaga ndicho ulichowaahidi wateja.

Kwa hiyo fanya hatua mbili. Anza na ethanoli ya asilimia 70, uchuje, kisha machicha hayohayo yachemshe kwa maji. Ukichanganya, pima ethanoli ya mwisho ibaki kama asilimia 25 hadi 30: ikishuka sana chupa inachacha, ikipanda sana nyuzi zinaanguka. Na nawasihi, nunueni mizani. Kijiko si kipimo.

Kuchagua kiyeyusho, yaani kimiminika cha kutolea dawa, ndiyo kazi yenyewe. Kabla panya walioambukizwa bakteria hawajatibiwa kwa penisilini, dawa itokayo kwenye kuvu, kule Oxford, Mei 1940, mwanabiokemia Norman Heatley alikuwa ameshaona njia: ukiitia asidi, penisilini inahamia kwenye kiyeyusho kiitwacho etha, ukiondoa asidi, inarudi kwenye maji. Kuvu ileile, ila mwenye kuitoa alijua anatafuta nini.

Wanaosema moto unaua dawa: betaglukani inastahimili kuchemka. Hapa Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, basi ongeza muda kidogo.

Rangi nyeusi si nguvu. Hata uyoga ulioungua hutoa maji meusi.

Uyoga mbichi kwenye Konyagi? Kilo moja ya mamama (uyoga wa chaza) ina karibu gramu 900 za maji. Konyagi ni asilimia 35 tangu dukani. Humo ndani itabaki nini? Kausha kwanza.

Spiriti ya kuwashia jiko haifai hata tone. Methanoli hupofusha na huua, na usimwamini anayekwambia "itaruka ukichemsha". Hata ethanoli safi usiipashe moto juu ya mkaa au gesi. Mvuke wake unashika moto kabla hujageuka.

Linalonitisha zaidi ni imani kwamba kuloweka kunaondoa sumu ya uyoga wa porini. Amatoksini, sumu ya kuua iliyomo kwenye baadhi ya uyoga wa porini, huyeyuka kwenye maji, huyeyuka kwenye spiriti, na haivunjwi na kuchemsha. Usipoujua uyoga wako, unachokusanya kwenye chupa ni sumu iliyokolezwa. Niletee uyoga mzima, na shina lake lote hadi kitako kilichomo udongoni, kabla hujausaga.