"Umeme upo, fundi": unachodhani umeandaa na ninachokikuta

Wiki hii nimeisikia mara tatu hapa Arusha: Njiro, Moshono, halafu Jumamosi kule Usa River. "Fundi, we njoo tu, umeme upo." Nafunga mashine ya kuchomelea vyuma kwenye bodaboda, nafika, naonyeshwa soketi ya sebuleni kando ya televisheni, na ekstensheni nyembamba ambayo kazi yake ya kila siku ni kuchaji simu. Geti lenyewe liko mita 30 kutoka hapo. Mwenye nyumba amefagia uwanja vizuri kabisa, amefunga mbwa, chai ipo. Nashukuru kwa chai.

Umeme kuwepo ni jambo moja, kutosha ni jingine. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000, hakuna zaidi. Mashine ndogo ya inveta ikichoma kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 kwa ampea 80 inaenea humo, lakini kwa kubanana. (Hizo 80 ni za upande wa kijiti, ambako volti hazifiki 25. Usizilinganishe na za soketi ukaanza kubishana na mimi.) Bawaba za geti zito zinataka kijiti cha 3.2 na ampea kama 120, na hapo tumeshavuka. Fyuzi inakatika. Na fyuzi ikikatika, mwenye nyumba anatoa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, anaizungushia, anairudisha plagi ukutani, ananiambia "endelea". Siendelei. Fyuzi imekatika ili waya usiungue. Ukiiziba kwa karatasi, kitakachofuata kukatika ni nyumba.

Tuje kwenye ekstensheni, maana ndiyo inayonimaliza. Waya mwembamba wa 0.75 (milimita za mraba), ukiuvuta mita 30 kwenda na umeme ukarudi mita 30, una ukinzani wa kama omu 1.5. Pitisha ampea 13 humo: volti 19 zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye mashine, na wati kama 250 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Ni robo ya pasi ya wati 1,000. Waya ukiwa umenyooshwa chini, joto linatawanyika. Ukiwa bado umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kwenda.

Nyumba moja ya Sakina nilikubali, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na mzee ananiharakisha. Gurudumu lilikuwa limetolewa mita chache tu, mengine yote yamo ndani. Kama robo saa hivi nikasikia harufu ya plastiki, nikadhani ni rangi ya geti. Tulipofungua, mizunguko ya ndani ilikuwa imegandana kama tambi zilizoiva mno, huwezi kujua mmoja unaishia wapi. Mzee akasema mashine yangu ni mbovu. Kosa lilikuwa langu kweli, ila si la mashine: nilipaswa kukataa tangu mwanzo.

Basi kabla ya kunipigia, fanya hivi. Piga picha soketi iliyo karibu zaidi na kazi, piga picha swichi kuu na breka zake, nitumie. Pima umbali kwa hatua, usikisie. Ekstensheni iwe ya waya wa 2.5, na inyooshwe yote hata kama inakuudhi kuiona imetambaa uwanjani. Na siku ukimwita fundi umeme kwa jambo lolote lile, mwambie akuachie soketi ya nje karibu na geti, waya wa 6, breka yake peke yake ya ampea 32. Watu wananicheka nikisema hivi. Wanajenga ukuta wa mamilioni wenye seng'enge juu, halafu getini hakuna hata pa kuchomeka taa.

Kama haiwezekani, sema mapema nije na jenereta, maana hiyo inataka guta, haipandi bodaboda. Yako ndogo ya kuwashia taa umeme ukikatika haitoshi. Na njoo tufanye asubuhi, saa mbili au saa tatu. Jioni mtaa mzima ukiwasha majiko na pasi, umeme unashuka, kijiti kinaganda kwenye chuma badala ya kuwaka.

Kuna na wale wa kukonyeza: "Fundi, si uunge juu ya mita, umeme usihesabiwe?" Siungi. Ni wizi, na juu ya mita hakuna breka ya kunikinga mimi wala nyumba yako.

Wanaokonyeza huwa wanaogopa uniti za LUKU kuisha. Haya, tupige hesabu. Kijiti kimoja cha 2.5 kinawaka kama dakika moja. Mashine inavuta kilowati 3 hivi wakati huo tu. Vijiti 60 ni saa moja ya moto, ni uniti 3. Grili za madirisha mawili hazifikishi hapo. Muda mwingi unaoniona nimeinama, ninapima na kusaga.

Dhana nyingine: "Nimeshapaka rangi, kazi yako imebaki nyepesi." Umeniongezea kazi. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo kibano cha ethi, kinachorudisha umeme kwenye mashine, hakishiki na kijiti hakiwaki. Nikilazimisha, rangi inaungua inatoa gesi, na gesi inaacha matundu ndani ya weldi. Kwa juu utaona imependeza. Mwaka mmoja wa kufungua na kufunga, bawaba inachomoka. Niachie chuma kitupu, upana wa vidole vitatu kila upande wa kiungo. Kutu nayo ni hivyo hivyo, isuguliwe kwa brashi ya waya. Rangi ipake nikishaondoka.

Maziwa. Ninapewa maziwa karibu kila nyumba, "yakate moshi". Nakunywa kwa sababu ni matamu. Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanaenda tumboni; hawakutani. Moshi mbaya zaidi ni wa bomba lililopakwa zinki: zinki inachemka kwenye nyuzi 907 wakati chuma chenyewe kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo imeshakuwa mvuke kabla chuma hakijayeyuka. Usiku fundi anatetemeka na homa, anadhani ni malaria. Ukitaka kunisaidia, usinipeleke kufanyia kazi ndani ya stoo isiyo na dirisha.

Watoto waingie ndani. "Wanaangalia kwa mbali tu" si kinga. Mwanga wa kijiti unaunguza macho: yataanza kuwasha usiku, kama yana mchanga, na mama ataamka nao mimi nimeshalala.

Gari lisogezwe. Cheche za grenda zinajibandika kwenye kioo na kwenye rangi, na hazioshwi zikatoka. Vigae vyeupe navyo vifunikwe: vumbi la chuma likipata umande wa hapa kwetu, kesho yake una madoa ya kutu. Majani makavu, chakula cha kuku, magunia, turubai la plastiki, vyote viondoke kama mita 10. Ndoo ya maji na ya mchanga ziwepo, na mtu akae pale walau nusu saa baada ya mimi kuzima, kwa sababu cheche iliyoingia kwenye pumba haina haraka.

La mwisho ni pipa. "Fundi, lilikuwa la oili lakini ni tupu, nimeliosha na Omo, nataka jiko la nyama choma." Mafuta yaliyobaki kwenye mshono wa pipa huyaoni. Yakipata moto yanakuwa mvuke, mvuke unachanganyika na hewa iliyomo, na pipa tupu ndilo lenye nafasi kubwa ya hewa. Nikinusa na nikanusa kitu, silikati. Nikinusa na nisinuse kitu, pia silikati. Tafuta bati jipya, tukunje.